Mita 860 hadi kituo cha basi: tathmini yangu baada ya miezi 14

"Mwanangu, leo sikukimbia."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema mama siku ya pili baada ya kivuko kipya kufunguliwa. Mama ana miaka 74, anatembea na mkongojo, na goti lake la kushoto halimruhusu kukimbia hata akitaka. Alichokuwa akikiita kukimbia ni ile hali ya kuvuka huku moyo unadunda, mkongojo umetangulia, macho yamekazwa upande yanakotokea magari, na mkono mmoja umeinuliwa kumwomba dereva asimame. Alivuka hivyo kwa miaka mingi. Siku hiyo alivuka mkono ukiwa chini.

Kwa hiyo leo natathmini barabara. Watu huandika tathmini za simu, viatu na hoteli, na mimi huzisoma kabla sijanunua kitu. Lakini hakuna kitu nilichowahi kununua ninachokitumia kuliko kipande hiki cha mita 860 kati ya geti letu na kituo cha basi. Nakipita kwa miguu mara mbili au nne kwa siku, kwa baiskeli siku tatu kwa wiki, na hadi mwezi uliopita kwa basi nikimpeleka mama kliniki. Ni huduma ya umma, imetengenezwa upya, na nimeitumia miezi 14. Ninayo ya kusema.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kupima kabla ya kukata, na siwezi kusifu vazi kwa kulitazama tu likiwa limening'inia. Nililifanyia barabara hivyo hivyo. Kabla ujenzi haujaanza, alfajiri moja ya Jumapili ambapo hapakuwa na gari hata moja, niliilaza tepu yangu kwenye lami huku mwanangu akishika taa na kuangalia pande zote. Tepu ina sentimita 150. Niliilaza mara tisa na bado kikabaki kipande. Mita 14, njia nne za magari, hakuna kitu chochote katikati. Ukingo wa njia ya miguu ulikuwa na kimo cha sentimita 19, kimo ambacho mtu mwenye goti bovu hushuka kwa kugeuka ubavu.

Mama hutembea takribani sentimita 70 kwa sekunde. Nimempima mara nyingi bila yeye kujua. Mita 14 zilimchukua sekunde 20. Sasa hesabu upande wa gari: kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde moja. Yaani gari lililokuwa mita 270 kutoka kwake alipoinua mguu wa kwanza lilikuwa na muda wa kutosha kumfikia kabla hajagusa upande wa pili. Mita 270! Kwa macho ya mtu wa miaka 74 gari lililo umbali huo ni nukta. Tulikuwa tukimwambia "angalia vizuri kabla hujavuka", na kwa kweli alikuwa anaangalia vizuri. Upana wa barabara ndio uliokuwa ukimshinda.

Mama aligongwa hapo miaka mitatu iliyopita. Sikutaka kuanza na jambo hilo, lakini bila hilo tathmini hii haieleweki. Aligongwa pale kwenye kona ambapo barabara ndogo inaungana na kubwa. Gari lilikuwa linakunja kona, na kando ya kivuko palikuwa na gari jingine kubwa limeegeshwa, mama akatokea nyuma yake. Nyonga ilivunjika. Dereva hakuwa mlevi. Alishuka, akapiga magoti kwenye lami, akalia, akawa anarudia neno moja: sikumwona. Kwa mwaka mzima nilimchukia. Nilitaka afungwe, apokonywe leseni, na apate uchungu kama tulioupata sisi. Kisha siku moja nikaenda kusimama pale pale alipokuwa amekaa yeye, nikainama hadi macho yangu yawe kwenye kimo cha dereva, nikatazama. Kweli hakuweza kumwona. Kona ilikuwa pana na laini kama pindo la gauni la harusi, gari lingeweza kuipita bila kugusa breki, na lile gari lililoegeshwa lilifunika kivuko chote. Nilikaa pale nikatetemeka, kwa sababu nilielewa kwamba yeyote angeweza kumgonga mama, hata mimi.

Baadaye nilisoma kwamba Bunge la Sweden mwaka 1997 lilipitisha sera iitwayo Vision Zero, yenye lengo kwamba asiwepo mtu anayekufa au kuumia vibaya barabarani. Kiini chake ni kukubali kwamba binadamu atakosea tu, dereva na mwenda kwa miguu, na kwamba anayetengeneza barabara ana wajibu wa kuhakikisha kosa hilo haligharimu maisha. Niliposoma hayo nilimfikiria yule dereva aliyepiga magoti.

Sasa nije kwenye bidhaa yenyewe, nianze na kivuko, maana ndicho kilichobadilisha maisha ya nyumba yetu.

Kivuko kimeinuliwa sentimita 10 na magari ndiyo yanayopanda. Zamani mtu alishuka kwenye dunia ya magari akavuka, akapanda tena. Sasa njia ya miguu inaendelea moja kwa moja hadi ng'ambo karibu kimo kile kile, na gari linapanda mteremko mfupi, linapita juu ya pundamilia, linashuka. Dereva anahisi kwenye kiti chake kwamba ameingia sehemu ya watu wengine. Juu pametandazwa tambarare ndefu kiasi kwamba basi linapita bila kurusha abiria, tofauti kabisa na yale matuta membamba yanayovunja viuno. Wazo la kumpunguza dereva mwendo kwa kuinua barabara si geni: mwanafizikia Arthur Holly Compton, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1927, alisanifu matuta mwaka 1953 alipokuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, baada ya kukerwa na magari yaliyokuwa yakipita kwa kasi mbele ya jengo la chuo. Nilifurahi kujua kwamba mtu aliyechunguza miale isiyoonekana kwa macho alipata muda wa kufikiria watu wanaovuka njia.

Katikati kuna kisiwa. Upana wake ni mita 2.2, mama anasimama hapo na mkongojo wake na bado kigari cha mtoto kinaenea mbele yake. Kila upande umebaki na njia moja ya magari yenye upana wa mita 3.1. Hesabu yangu ya mama ikawa hivi: sekunde chini ya tano, apumzike kisiwani akitaka, kisha sekunde nyingine chini ya tano. Na anaangalia upande mmoja tu kwa wakati. Hilo la upande mmoja sikulitambua thamani yake mpaka aliponieleza mwenyewe kwamba kilichomchosha zaidi zamani ilikuwa shingo.

Mwendo umeshuka kutoka 50 hadi 30. Nilikuwa nadhani ni jambo dogo, kama kupunguza sentimita mbili kwenye mkono wa shati. Nikakaa na kalamu. Tuseme dereva anachukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, na barabara ni kavu. Gari la kilomita 30 kwa saa litasimama kabisa baada ya takribani mita 13. Gari la kilomita 50 litakuwa limetumia mita 14 katika kushtuka peke yake. Yaani mahali ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama, la pili bado linakwenda kwa mwendo wake wote, breki haijaguswa. Na likigonga, nguvu yake ni karibu mara tatu ya lile la 30, kwa kuwa nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo. Watafiti waliochunguza ajali za waenda kwa miguu walikuta kwamba hatari ya kufa kwa anayegongwa kwa kilomita 50 ni zaidi ya mara tano ya anayegongwa kwa 30. Mama angekuwa bado na nyonga yake.

Lakini nataka niseme jambo kuhusu kibao cha "30", maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kabla ya zege kuja tulipewa kwanza rangi. Kwa miezi minne tulikuwa na pundamilia mpya iliyong'aa, kibao cha mwendo, na mistari iliyochorwa kuonyesha kisiwa kitakapokuwa. Hakuna aliyepunguza. Magari yalipita juu ya kisiwa cha rangi kana kwamba hakipo, na kwa kweli hakikuwepo. Katika kazi yangu, chaki inaonyesha mahali pa kushona, lakini hakuna anayevaa chaki. Ukikivuta kitambaa, mstari wa chaki haushikilii kitu. Mshono ndio unaoshikilia. Siku walipomwaga zege la kisiwa na kuinua kivuko, magari yalipunguza mwendo asubuhi ile ile, bila askari, bila faini, madereva wale wale. Wanaotaka kutengeneza barabara zao wakaishia kwenye rangi naomba wasije wakasema wamejaribu na imeshindikana.

Kona nayo imebanwa. Ule mkunjo mpana umejengwa upya ukawa mkali, kwa hiyo gari haliwezi kukunja ila polepole, na dereva anamwelekea mtu anayevuka uso kwa uso badala ya kumpita kwa ubavu. Nafasi ya kuegesha iliyokuwa kando ya kivuko imeondolewa kabisa, na mahali pake njia ya miguu imetokeza mbele ili anayesubiri kuvuka aonekane. Si kwa kibao cha kukataza: wamejenga, wakaweka vigingi na mahali pa kufungia baiskeli. Mji mdogo wa Hoboken huko Marekani umefanya hivi kwenye makutano yake mengi, kuondoa magari yanayofunika vivuko, pamoja na hatua nyingine, na kuanzia Januari 2017 ulikaa zaidi ya miaka saba bila kifo hata kimoja barabarani. Mimi nilipoona vigingi vile vinachimbiwa nilisimama nikalia waziwazi mbele ya mafundi. Mmoja akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia tu asante, endeleeni.

Njia ya baiskeli. Hapa sifa zangu zinapungua kidogo.

Baiskeli yangu ina kikapu mbele na keria imara nyuma, na kwenye keria nafunga majora ya vitambaa. Jora moja lina uzito wa kutosha kuifanya baiskeli iyumbe mtu akipiga honi ghafla. Zamani nilikuwa nikipanda na kiwiko kimebana mbavuni kwa sababu vioo vya magari vilipita karibu na mkono wangu. Sasa kuna ukuta mfupi wa zege kati yangu na magari, na tofauti naisikia mabegani: nafika kazini shingo haijakakamaa. Wiki ya kwanza niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona mtaani kwetu, msichana wa miaka kama tisa akienda shule kwa baiskeli peke yake, begi mgongoni, akiimba. Sasa nawahesabu watoto wa baiskeli kila asubuhi ninapofungua dirisha la kiwanda changu. Wiki ya kwanza alikuwa peke yake. Alhamisi iliyopita walikuwa 17.

Watu wakiniambia kwamba baiskeli ni utamaduni wa Waholanzi, huwa nawasimulia nilichosoma. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani Uholanzi, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Miji ilikuwa ikibomolewa ili kupisha magari kama kwingine kote. Wazazi wakatoka nje. Kampeni yao iliitwa Stop de Kindermoord, yaani "Komesheni mauaji ya watoto", wakafunga mitaa, wakaketi barabarani na watoto wao. Njia za baiskeli tunazoziona kwenye picha leo hazikuota zenyewe, ziliombwa na watu waliokuwa na uchungu. Nadhani kila mzazi aliyewahi kushika mkono wa mtoto kwenye ukingo wa barabara anaelewa walichokuwa wakidai.

Basi, kasoro. Upana wa njia ni mita 1.8 tu. Mimi na majora yangu nikiwa mbele, wanaonifuata hawana pa kunipita, na mama mwenye baiskeli ya kubebea watoto wawili alinifuata mita mia tatu nzima kwa subira iliyonifanya niione aibu. Kati ya ukuta wa zege na njia ya miguu mchanga na majani hujikusanya, maana gari la kufagia ni pana kuliko njia yenyewe. Nilitelezea hapo mwezi wa tisa, nikachubuka kiganja. Na penye pengo la mita nne, pale ukuta ulipokatwa kupisha geti, magari ya mizigo huingia yakasimama "dakika moja tu". Dakika moja hiyo hunitoa mimi na wale watoto 17 katikati ya magari. Kigingi kimoja katikati ya pengo kingemaliza jambo. Nimeandika barua mbili.

Kituo cha basi nilikidharau kabla ya kujengwa, na sasa nakiweka mara tu baada ya kivuko. Jukwaa la kituo limetokezwa hadi kwenye njia ya basi, kwa hiyo basi linasimama pale pale linapopita, haliingii kwenye mfuko pembeni. Zamani dereva wa basi akishaingia pembeni alibaki akiomba kurudishwa barabarani, gari baada ya gari likimpita. Kwa saa yangu, mara nyingine aliomba kwa zaidi ya dakika nzima, watu 60 ndani wakimngoja mtu mmoja mmoja apite. Sasa magari ndiyo yanayosubiri nyuma yake, kwa sekunde 15 au 20. Jukwaa limeinuliwa likakaribia sakafu ya basi, na mama anaingia kwa hatua moja ya kawaida. Mji wa Curitiba nchini Brazili ulianza kuyapa mabasi njia zao wenyewe mwaka 1974, na mwaka 1991 ukajenga vituo ambavyo abiria analipa kabla basi halijafika na kuingia akiwa kimo sawa na sakafu. Mambo haya mawili, basi lisilokwama na mlango usio na ngazi, yamejulikana kwa miaka mingi, na hayahitaji teknolojia yoyote ya ajabu. Inauma kidogo nikifikiria miaka ambayo mama alikuwa akivutwa mkono na kondakta kupandishwa kama mzigo.

Benchi la kituoni lina mikono ya pembeni, na hilo lilinigusa sana. Mtu mwenye magoti mazima haoni mikono ya benchi. Mama bila mikono hiyo hawezi kuinuka basi likifika. Ila ratiba iliyobandikwa ni ya maandishi ya milimita nne, imetundikwa juu kuliko kichwa changu. Sijui ilikusudiwa isomwe na nani.

Sasa jambo zito zaidi, ambalo limenifanya nisiipe barabara hii alama zote.

Jirani yetu ni mzee asiyeona, anatembea na fimbo nyeupe. Kwa ajili yake na wenzake vimetandazwa vigae vya kuongozea: vyenye mistari mirefu vinamwambia endelea, na vyenye vinundu vinamwambia simama, kuna ukingo au kivuko. Vigae hivi vilibuniwa na Mjapani Seikichi Miyake mwaka 1965, akimfikiria rafiki yake aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona, na vikatandazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona. Ni kitu rahisi sana, na kinafanya kazi kwa sharti moja: kisidanganye. Kwenye upande wetu wa jua kuchomoza, mistari inaongoza moja kwa moja kwenye nguzo ya taa. Nimepima. Kati ya kigae cha mwisho na nguzo ni sentimita 40. Mzee aligonga bega mara ya kwanza, na mara ya pili aligonga paji la uso. Aliyetandaza vigae alifuata mchoro, aliyesimika nguzo alifuata mchoro mwingine, na hakuna aliyefumba macho akatembea hapo mara moja tu kabla ya kukabidhi kazi.

Kuna la pili kwa mzee huyo huyo. Njia ya baiskeli inapita nyuma ya kituo cha basi, kati ya jukwaa na njia ya miguu. Kwa mimi mwendesha baiskeli ni raha, sihitaji kulizunguka basi. Lakini kwake, ili afike kwenye basi lazima akate njia yangu.

"Binti," aliniambia, "magari nayasikia. Baiskeli ndiyo inanifikia kimya."

Niliporudi nyumbani usingizi haukuja haraka. Mimi ndiye niliyekuwa gari sasa. Tangu siku hiyo nashuka pale nikaisukuma baiskeli ikiwa kuna watu jukwaani, lakini adabu yangu ni rangi tu, haiwezi kuwa mshono. Panahitaji kivuko kidogo kilichoinuliwa juu ya njia ya baiskeli yenyewe, chenye vinundu pande zote mbili, ili mwendesha baiskeli apunguze kama gari linavyopunguza. Tuliyoyadai kwa ajili yetu mbele ya magari, tuyakubali pia mbele ya mtu mwenye fimbo nyeupe.

Na kuna dimbwi. Chini ya mteremko wa kivuko, upande wa geti letu, maji ya mvua hayana pa kwenda. Walipoinua kivuko walizuia mfereji wa zamani wakaacha tundu moja dogo linalozibwa na majani manne. Mvua ikinyesha, maji hutuama kina cha sentimita sita, na mwenye kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto hulazimika kuzunguka hadi ukingo wa njia ya magari. Kivuko bora kabisa, lakini mlango wake mmoja umefungwa na maji kila masika.

Kaka yangu ni dereva, na hapendi barabara hii. Nampa haki yake hapa kwa sababu wako wengi kama yeye, na si watu wabaya. Alilalamika kwamba anapoteza muda. Nikampigia hesabu: mita 860 kwa kilomita 50 ni sekunde 62, kwa kilomita 30 ni sekunde 103. Tofauti ni sekunde 41, tena kama hakuna kilichomsimamisha njiani, na siku zote kulikuwa na kitu. Alinyamaza, kisha akasema, "Dada, shida si sekunde. Najisikia nimebanwa." Sikumjibu, kwa sababu alisema kweli. Ndivyo ilivyokusudiwa. Ile hali ya kubanwa ndiyo inayomfanya mguu wake uelekee kwenye breki. Mimi na mama tulibanwa miaka yote mbele yake na hakuna aliyeuita mfumo, tuliambiwa tu tuwe waangalifu. Nampenda kaka yangu, na nataka afike nyumbani akiwa hajapiga magoti kwenye lami kama yule mwingine.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19, na kwamba kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hizo. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Upande wa pili, Helsinki, mji mkuu wa Ufini, ulimaliza mwaka 2019 bila mwenda kwa miguu hata mmoja kuuawa barabarani, na sehemu kubwa ya mitaa yake ina kikomo cha kilomita 30. Pontevedra, Hispania, ulianza mwaka 1999 kuyaondoa magari katikati ya mji na kuwarudishia watu wanaotembea. Nataja miji hii kwa sababu kuna jirani aliyeniambia kwamba kifo barabarani ni mipango ya Mungu. Mimi ni mcha Mungu, na sikubali kumsingizia Yeye kona iliyochorwa vibaya.

Kama unaniuliza nampa nani barabara hii: mtu mwenye magoti mabovu, aje bila woga. Mzazi mwenye mtoto wa kwenda shule, aje. Mwenye baiskeli ya mizigo, aje ila aende polepole na aangalie mchanga. Asiyeona, aje na mtu wa kumshika mkono mpaka ile nguzo ihamishwe, na naona uchungu kuandika sentensi hiyo. Kati ya alama 10 naipa 7. Mbili nimeziweka kando kwa ajili ya mzee na nguzo na kile kivuko kidogo kinachokosekana, moja kwa ajili ya dimbwi na lile pengo la magari ya mizigo. Wakirekebisha nitarudi kupima na kubadilisha alama.

Tangu mwezi uliopita mama anakwenda kliniki peke yake. Alhamisi asubuhi anavaa gauni la kitenge nililomshonea, lenye mfuko wa ndani wa kuwekea miwani, anachukua mkongojo, anatoka. Mimi huacha cherehani nikasimama dirishani. Anafika kivukoni, gari linapunguza, linasimama. Anavuka hadi kisiwani, anasimama kidogo hata kama hakuna gari, kwa sababu anapenda tu kusimama pale, kisha anamalizia. Basi likija, naliona linainama upande wake. Halafu narudi kwenye mshono.